Mapatano ya Mzigo: Ujira na Kipimo cha Kazi katika Njia za Kasongo na Kabambare, 1871–1930

Utangulizi

Historia ya Maniema ya Kusini katika karne ya 19 imezoeleka kusimuliwa kwa kufuata pembe za ndovu, bunduki na biashara ya watumwa. Mkabala huo una haki yake, kwani vitu hivyo ndivyo vilivyojenga miji ya Kasongo na Nyangwe na ndivyo vilivyoziharibu nchi zilizoizunguka. Hata hivyo pembe haikuwa na miguu. Kutoka Kasongo hadi pwani ya Bahari ya Hindi punda walikuwa wachache na hawakudumu kwa maradhi, na maji ya Ziwa Tanganyika yalisaidia sehemu ndogo tu ya njia. Takriban kila frasila ilisafiri begani au kichwani mwa mtu, ikapita Kabambare, ikavuka ziwa hadi Ujiji, kisha Tabora, kisha mrima. Kwa hiyo nyuma ya bei ya pembe palikuwapo bei nyingine ambayo haikutajwa sana katika madaftari ya wafanyabiashara wa Unguja: bei ya kubeba, na pamoja nayo bei ya kusindikiza na kulinda msafara.

Makala hii inakusudia kuchunguza namna bei hiyo ilivyopatanwa. Matukio matatu yamechaguliwa kwa kuwa yote yanahusu njia za Kabambare na Kasongo na yote yameandikwa na watu waliokuwapo: mgomo wa wachukuzi wa David Livingstone huko Kabambare mwezi Februari 1871; mkataba wa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, yaani Tippu Tip, na Henry Morton Stanley mwezi Oktoba 1876; na mazungumzo ya mwaka 1888 juu ya wapagazi wa msafara wa kumwokoa Emin Pasha. Katika matukio yote matatu jumla ya fedha ndiyo iliyopigiwa kelele, lakini kilichoamua faida na hasara kilikuwa kipimo cha kazi, yaani mwezi, mwendo au uzito wa mzigo. Kipimo nacho kiliweza kujadiliwa tu na yule aliyekuwa na uwezo wa kuondoka.

Maneno ya kazi

Inafaa kuanza na msamiati, kwani lugha ya misafara ilikuwa imekwisha kukomaa kabla ya msafara wa kwanza wa Mzungu kufika Maniema. Pagazi, au mpagazi, ni yule anayechukua mzigo kwa ujira. Neno hilo lina uhusiano na kitenzi kupagaa, chenye maana ya kuchukua begani. Na kutoka hapo lugha ikapata pia kupagawa, hali ya mtu aliyepandwa na pepo, kana kwamba pepo naye ni mzigo uliomkalia mtu. Kiongozi wa njia aliitwa kirangozi. Msimamizi wa kundi aliitwa mnyapara, neno ambalo baadaye litaendelea kuishi katika mashamba na migodi ya wakoloni likiwa na sura kali zaidi. Posho ilikuwa chakula cha njiani, au kitambaa na shanga za kununulia chakula hicho, na ilihesabiwa mbali na ujira. Kitambaa kilipimwa kwa shuka na doti, doti moja ikiwa shuka mbili. Uzito ulipimwa kwa frasila ya ratli 35 hivi, na mzigo wa kawaida wa mpagazi ulikaribia frasila mbili.

Kila moja kati ya maneno haya lilikuwa mahali pa mabishano. Je, hema huhesabiwa katika mzigo? Siku ya mapumziko ina posho? Na pembe moja kubwa inayozidi frasila mbili, hulipwa kama mzigo mmoja au zaidi? Wanyamwezi, ambao ndio waliokuwa mabingwa wa kazi hii katika njia ya kati, walijibu maswali hayo kabla ya kuondoka nyumbani. Tena wengi wao walipanga safari kwa kutazama majira, wakiondoka kiangazi na kupenda kuwa mashambani mwao mvua zilipoanza. Shamba ndilo lililowapa nguvu ya kukataa. Msafiri aliyetaka wapagazi katika majira ya kilimo alilazimika kuongeza dau au kusubiri, na masimulizi ya wasafiri wa wakati ule yamejaa manung'uniko juu ya kusubiri huko.

Magharibi ya Ziwa Tanganyika hali ilikuwa tofauti. Kule wapagazi huru walikuwa wachache zaidi, na sehemu kubwa ya mizigo ilichukuliwa na watumwa wa wafanyabiashara, na watu waliotekwa, na watu walioishi chini ya ulinzi wa tajiri fulani. Mpaka kati ya mfuasi na mtumwa haukuwa wazi. Lakini mapatano hayakutoweka kwa sababu hiyo. Yalibadilika sura, kama mfano wa Kabambare unavyodhihirisha.

Kabambare, Februari 1871

Livingstone alifika mara ya kwanza katika mji alioandika kwa jina la Bambarre, yaani Kabambare ya leo, mwezi Septemba 1869. Baada ya majaribio ya kwenda kaskazini yaliyoshindikana alirudi hapo akiwa na vidonda vya miguu, akakwama miezi mingi kuanzia Julai 1870. Watu wake walikuwa wamemwacha isipokuwa watatu, Chuma, Susi na Gardner. Mwanzoni mwa Februari 1871 waliwasili watu kumi waliotumwa kutoka Unguja kwa juhudi za John Kirk wa ubalozi mdogo wa Uingereza. Kwa mtu aliyesubiri muda wote huo kuwasili kwao kulikuwa faraja kubwa. Haikudumu wiki mbili.

Wale kumi walikataa kwenda kaskazini. Walidai kwamba maagizo waliyopewa ni kumrudisha Livingstone na wala si kumpeleka mbele. Kisha wakagoma, wakitaka ujira zaidi. Livingstone aliandika katika shajara yake ya tarehe 11 Februari kwamba alikubali kulipa dola 6 kwa mwezi kama watakuwa na mwenendo mwema, na kupunguza kama watakuwa wabaya. Msafara ukaondoka Kabambare katikati ya mwezi, ukafika Nyangwe mwishoni mwa Machi.

Wasomaji wengi wa shajara hiyo wameupita mgomo huu haraka, wakiuona kuwa ni kisa kimoja zaidi cha utovu wa nidhamu. Livingstone mwenyewe aliwaona hivyo, na baadhi ya tuhuma alizowatupia ni nzito. Lakini tukio lenyewe lina mantiki ambayo hasira yake imeifunika. Watu hao walikuwa watumwa wa wafanyabiashara wa Kibanyani wa Unguja, waliokuwa raia wa Kiingereza. Kadiri Livingstone alivyolalamika baadaye, ujira wao ulikuwa dola 60 kwa mwaka, mara mbili ya alichodai kingetosha kuwapata watu huru, na aliamini kwamba wenye kufaidika ni mabwana zao. Kama hesabu hiyo ni sahihi, nyongeza ya Kabambare ilikuwa dola 1 kwa mwezi juu ya dola 5.

Dola moja ya nani, basi? Fedha ingelipwa Unguja, mbali na Maniema, na mkono wa bwana ungekuwa wa kwanza kuipokea. Mtumwa aliyegoma kwa ajili ya ujira ambao huenda asiushike anaonekana kufanya jambo lisilo na maana, mpaka itazamwe sehemu ya pili ya madai yao: wapi waende na wapi wasiende. Hapo walikuwa na mali yao wenyewe, yaani miguu yao na uhai wao. Nchi ya kaskazini ilikuwa na vita na njaa, na kipimo cha mwezi hakikutofautisha mwezi wa kukaa Kabambare na mwezi wa kupita katika nchi ya hatari. Kwa kipimo hicho kila mwendo mrefu au wa hatari ulikuwa kazi ya bure. Walichokigomea kwa hakika ni mwelekeo wa safari, na fedha ikawa lugha ambayo mwajiri aliisikia. Livingstone alijibu kwa fedha na akaacha kipimo kama kilivyokuwa. Huko Nyangwe mgogoro ukazuka upya, na mwezi Julai 1871 akawa radhi kumpa Dugumbe dola 2,000, yaani pauni 400, ili apate watu wengine badala ya hao. Dugumbe hakutoa watu. Baada ya mauaji ya sokoni Nyangwe tarehe 15 Julai, Livingstone alirudi Ujiji.

Mwendo wa saa nne

Miaka mitano baadaye, mwezi Oktoba 1876, Stanley alikutana na Tippu Tip katika kituo cha Mwana Mamba, jirani na Kasongo. Stanley alitaka kufuata mto Lualaba kuelekea kaskazini, jambo lililomshinda Livingstone na Cameron kwa kukosa watu na mitumbwi. Tippu Tip alikuwa na watu na bunduki. Hapa tunaye mtoa huduma wa namna nyingine kabisa: tajiri asiyemtegemea mteja, mwenye pembe zake, mwenye mji wake Kasongo, ambaye kila mwezi wa kumsindikiza mgeni ulimtoa katika biashara yake mwenyewe. Katika Maisha, tawasifu aliyoieleza kwa Kiswahili baadaye na ambayo Heinrich Brode aliichapisha Berlin mwanzoni mwa karne ya 20, Tippu Tip anakumbuka kwamba jamaa zake walimshangaa kwa kutaka kumfuata Mzungu, na kwamba alimweleza Stanley waziwazi kuwa fedha aliyotajiwa haikuwa ya kumtoa mahali pake.

Mkataba kama Stanley alivyouandika ni hati ya kuvutia. Tippu Tip angesindikiza kwa miendo 60, na kila mwendo ungekuwa wa saa nne. Muda usizidi miezi mitatu. Baada ya miendo miwili kutakuwa na siku moja ya kupumzika. Chakula cha watu wake 140 kilikuwa juu ya Stanley. Ujira ulikuwa dola 5,000. Masharti yalitamka pia nani angepoteza nini iwapo upande mmoja ungevunjika moyo njiani.

Tofauti na mapatano ya Kabambare ni kubwa. Mwezi, kipimo kilichompa mwajiri uhuru wa kuongeza kazi bila kuongeza ujira, umeondolewa mahali pake na kuwekwa mwendo, nao mwendo umefungwa kwa saa. Mwajiri akitaka kutembea saa nane siku moja ametumia miendo miwili. Akitaka kukaa kambini wiki nzima, ukomo wa miezi mitatu unamngoja. Inadhihirika kwamba mtu aliyekaa upande wa pili wa mkeka aliujua msitu, na aliijua pia tabia ya wasafiri wa Kizungu, ambao kwao safari fupi ilikuwa na desturi ya kurefuka.

Msafara uliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba 1876 na kuingia msituni. Kabla ya nusu ya mwezi Tippu Tip alikuja kutaka kuachiliwa: msitu ulikuwa mzito, watu wake walikuwa wakiugua, na mwendo wa saa nne katika matope na miiba haukuwa mwendo uliofikiriwa mkekani. Baada ya mabishano walipatana upya, miendo 20 zaidi kwa dola 2,600.

Hapa hesabu inastahili kufanywa, kwa kuwa mara nyingi tukio hili hueleweka kuwa Tippu Tip alirudi nyuma na kukubali kupunguziwa. Katika mkataba wa kwanza kila mwendo ulikuwa na thamani ya dola 83 hivi. Katika mkataba wa pili, ikihesabiwa miendo 20 iliyoongezwa peke yake, kila mwendo ni dola 130. Hata ikijumlishwa miendo yote iliyokwisha kutembewa tangu Nyangwe, ambayo haikuweza kuzidi kumi, bei ya mwendo mmoja haishuki chini ya dola 86. Jumla ilipungua karibu nusu, lakini bei ya kazi haikupungua. Yumkini ilipanda, na angalau nusu ya kazi iliyoahidiwa, ile ya mbali na ya hatari zaidi, ilibaki kwa Stanley peke yake. Waliagana mwishoni mwa Desemba 1876. Juu ya hati ya dola 2,600 Stanley aliorodhesha zawadi nyingine, zikiwamo punda, mkufu wa dhahabu, vitambaa, shanga na nyaya za shaba.

Kumbukumbu ya Tippu Tip haikubaliani na ya Stanley. Katika Maisha ujira ulioahidiwa ni reale 7,000, na malalamiko yake ni kwamba ahadi kubwa alizopewa mwishoni ziliishia katika kuletewa picha ya Stanley. Huenda mmoja alisahau, huenda mmoja alidanganya. Linaloonekana katika masimulizi yote mawili ni kwamba kiasi cha fedha kilibishaniwa kwa miaka mingi, ilhali hakuna aliyebisha juu ya mwendo kuwa ndio kipimo.

Ratli arobaini

Mwaka 1887 Tippu Tip alikuwa na wateja wengi kuliko alivyoweza kuwahudumia. Alikuwa na uhusiano wake wa zamani na Sultani wa Unguja. Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, kupitia kwa Stanley, alimfanya liwali wa Maporomoko ya Stanley kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Hapohapo, kwa mkataba uliotiwa saini Unguja mwezi Februari 1887, aliahidi kutoa watu 600 wa kuchukua mizigo ya msafara wa kumwokoa Emin Pasha, kwa pauni 6 kwa kila mchukuzi, baruti ikiwa juu ya Stanley. Na juu ya hayo yote alikuwa na biashara ya pembe ya Kasongo, pamoja na jamaa na washirika ambao kila mmoja alikuwa na watu wake na matakwa yake.

Wachukuzi hawakufika Yambuya, ambako kundi la nyuma la Stanley lilikuwa likiwasubiri. Tippu Tip alisema baruti haikuletwa kama ilivyoahidiwa. Wazungu walisema ni hila. Zote mbili zinaweza kuwa kweli, lakini kuna sababu ya tatu: watu wa Kasongo hawakutaka kazi ile. Msitu wa Aruwimi ulikuwa mbali na kwao, ulikuwa na njaa, na mkataba wa pauni 6 haukuandikwa na wao wala mbele yao. Tippu Tip alikuwa ameuza kwa mteja mmoja kazi ya watu ambao alihitaji utiifu wao kwa wateja wengine wote.

Mwezi Aprili 1888 James Sligo Jameson, mmoja wa maofisa waliobaki Yambuya, alisafiri mpaka Kasongo kuwafuata. Matokeo yake yalikuwa watu wapatao 430 badala ya 600, chini ya mnyapara aitwaye Muni Somai, ambaye aliahidiwa pauni 1,000 zake mwenyewe. Mwezi Juni, Tippu Tip alipofika Yambuya kuikagua mizigo kabla ya kuondoka, aliikataa. Mizigo iliyokuwa imefungwa kwa ratli 60 hivi ilibidi ifunguliwe na kufungwa upya kwa ratli 40. Maofisa waliandika kwa ghadhabu juu ya mizigo iliyorudishwa kwa kuzidi kidogo tu.

Mizani ile ilikuwa ikifanya kazi ileile ya mwendo wa saa nne. Ikichukuliwa pauni 6 kuwa msingi, ratli moja katika mzigo wa ratli 60 ilisafirishwa kwa shilingi 2. Katika mzigo wa ratli 40, kwa shilingi 3. Bei ilipanda kwa nusu bila senti moja kuongezwa katika mkataba. Safari hii, zaidi ya hayo, kuna dalili kwamba faida ya kipimo iliwafikia wachukuzi wenyewe, kwani ratli 20 zilizoondolewa ziliondolewa shingoni mwao. Fedha ni habari nyingine.

Mpango huo haukuwaokoa. Wachukuzi walitoroka, ndui ilikuwamo msafarani, na tarehe 19 Julai 1888 Barttelot, mkuu wa kundi la nyuma, aliuawa kwa risasi na mmoja wa wanyapara wa Kimanyema. Jameson alikufa kwa homa mwezi uliofuata. Stanley alipofika Unguja mwishoni mwa 1889 alifungua madai ya pauni 10,000 dhidi ya Tippu Tip, ambaye aliondoka Maniema kwenda kujitetea na hakurudi tena. Madai yenyewe hayakufikia hukumu.

Kipimo bila mapatano

Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliingia Kasongo tarehe 22 Aprili 1893, na Kabambare mwezi Januari 1894. Kwa mpagazi badiliko kubwa lilikuwa kwamba mkeka wa mapatano uliondolewa. Mizigo haikupungua, vituo vya serikali vilihitaji chakula, risasi na vifaa, na mpira na pembe zilihitaji kutolewa. Lakini kazi ilikuwa sasa sehemu ya kodi. Sheria ya mwaka 1903 iliweka kiwango cha saa 40 za kazi kwa mwezi, kiwango ambacho kwa watu wengi hakikuheshimiwa. Kwa mara nyingine kipimo kilikuwapo, safari hii bila mwenye kazi kuulizwa.

Reli haikubadilisha mambo haraka kwa wakazi wa ng'ambo ya mashariki. Njia ya kutoka Kindu hadi Kongolo, iliyokamilika kufikia 1911, ilipita magharibi ya Lualaba. Kasongo na Kabambare ziko mashariki yake, hivyo bidhaa zilizoteremshwa stesheni ziliendelea kuchukuliwa na watu. Kisha ikaja vita ya 1914–1918. Wachukuzi wa jeshi la Kongo ya Kibelgiji hukadiriwa kuwa 260,000, wengi wao kutoka mashariki ya nchi, na baadhi walifika hadi Tabora, iliyotekwa Septemba 1916, wakikanyaga kwa amri njia ambayo Wanyamwezi waliikanyaga kwa mapatano.

Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1930 juu ya kazi za kulazimishwa ulikuwa na kifungu kizima kuhusu upagazi. Ulitaka ukomeshwe mapema iwezekanavyo, na kabla ya kukomeshwa serikali ziweke uzito wa juu wa mzigo, umbali wa juu kutoka nyumbani, idadi ya siku kwa mwezi, na siku za kurudi zihesabiwe. Orodha hiyo iliyoandikwa Geneva inafanana ajabu na ile iliyopatanwa jirani na Kasongo mwaka 1876: mwendo, saa, mapumziko, chakula, marejeo.

Baada ya vita vya 1996 na vya 1998–2003 barabara za Maniema ya Kusini ziliharibika kiasi kwamba magari yalitoweka kwa miaka. Mwandishi Mwingereza Tim Butcher, aliyepita mwaka 2004 kutoka Kalemie kwa kufuata nyayo za Stanley kupitia Kabambare hadi Kasongo, aliwakuta njiani watu wakisukuma baiskeli zilizosheheni mafuta ya mawese kwa siku nyingi. Baiskeli haipandwi ikiwa imebeba. Husukumwa, na fimbo hufungwa kwenye usukani ili msukumaji apate pa kushika. Tofauti na pagazi wa 1876, msukumaji huyo mara nyingi ndiye mwenye mzigo pia, na mlima unapozidi ni yeye anayeamua dumu lipi liachwe chini.